Wakubwa wanafanya mbwembwe, sisi wa mpakani tunalipa (uzi mrefu)

MamaTrei, Busia

Wakuu, habari za mchana. Uzi huu ni mrefu. Mwenye haraka aweke alama, arudi usiku.

Jumamosi iliyopita niliingia kibanda cha chai hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Vijana watatu wa boda boda walikuwa wameinamia simu moja, wanacheka hadi machozi. Ilikuwa picha ya Idi Amin amebebwa kwenye kiti na Wazungu, na Mzungu mwingine nyuma yake amemshikia mwavuli. "Mama, huyu mzee alikuwa noma," mmoja akaniambia. Wakafungua nyingine: yale maneno yake kwa Nyerere, kwamba angekuwa mwanamke angemwoa hata kama kichwa kimejaa mvi. Wakacheka tena, wakapiga meza.

Pembeni alikaa mzee mmoja, fundi baiskeli wa siku nyingi hapa mjini, ameshika kikombe kwa mikono miwili. Hakucheka. Alimaliza chai, akalipa, akatoka bila kuaga, naye ni mtu wa kuaga.

Wiki nzima jambo hilo limenikaa moyoni. Mimi ni mfanyabiashara wa mayai, nimevuka mpaka huu kwa zaidi ya miaka 20, na nimegundua kwamba kila kituko cha mkubwa kina mlango wa nyuma, na mlango huo unatokea sokoni. Vijana wanaletewa picha ya mlango wa mbele tu. Nataka tuuzunguke huo wa nyuma.

Tuanze na kiti chenyewe. Ilikuwa Julai 1975, wakati wa mkutano wa wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Kampala. Nyerere hakuja, Kaunda wa Zambia hakuja, Seretse Khama wa Botswana hakuja. Yakubu Gowon wa Nigeria alikuja, na akiwa bado Kampala, tarehe 29 Julai, jeshi lake likampindua nyumbani. Amin mwenyewe alikuwa ameichukua Uganda kwa njia hiyohiyo tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Katika siku hizo za 1975 Amin alibebwa na wafanyabiashara wa Kiingereza, akafunga ndoa mbele ya wageni, na akatoka mwenyekiti wa Afrika nzima.

Sasa mwaka huohuo nyumbani kwetu. Mama yangu alikuwa msichana, kwao ni karibu na Lwakhakha, chini ya mlima Masaba, yaani Elgon. Anasema mwaka huo kipande cha sabuni kilikatwa kwa uzi vipande vinne, kila nyumba ya ukoo ikapata kimoja. Chumvi ilifungwa kwenye jani la mgomba na kufichwa juu ya dari, mgeni akija haitolewi mpaka mwenye nyumba aangalie ni mgeni wa namna gani. Chai ilinywewa bila sukari, na mama mpaka leo hatii sukari kwenye chai. Nilipokuwa mdogo nilidhani haipendi.

Kwa nini sukari ilipotea nchi yenye mashamba ya miwa Kakira na Lugazi? Kwa sababu tarehe 4 Agosti 1972 mtu mmoja alisimama akatangaza kwamba Waasia waondoke, siku 90. Alisema ameoteshwa ndoto. Maduka na viwanda vikagawiwa wanajeshi na marafiki zao, watu ambao wengi wao hawakuwahi kuagiza hata katoni moja ya kiberiti. Hao ndio wazee wetu waliwaita *mafuta mingi*. Walichokikuta dukani walikiuza, kikaisha, wakafunga milango. Mashine za sukari zikasimama kwa kukosa vipuri. Kwa hiyo ukimwona Amin juu ya kile kiti, mwone pia mama yangu anakata sabuni kwa uzi.

Naendelea jioni, kuna mzigo unaingia.

MwanaBombo

Mama, nakuheshimu, ila mimi nimezaliwa Bombo, wazee wangu ni Wanubi, watu waliohesabiwa kuwa wa Amin, na nyumbani tulisikia upande mwingine. Kabla ya 1972 Mwafrika mwenye duka barabara kuu ya Kampala ulikuwa unamtafuta kwa tochi. Biashara yote ilishikwa na watu wachache, na Waingereza ndio walioipanga hivyo. Amin ndiye aliyetangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, 1973. Leo tunaandikiana hapa Kiswahili, tusisahau. Na baada ya Amin kuanguka 1979 watu wetu waliuawa na kukimbizwa kwa sababu tu ya lugha na jina. Hilo nalo ni bili, na tulilipa sisi.

MamaTrei, Busia

Ndugu yangu wa Bombo, nakubali, na asante kwa kusema. Hesabu uliyotaja ya maduka ilikuwa kweli, dukuduku la watu lilikuwa la haki. Kosa lilikuwa kulitibu kwa siku 90, na kumpa mwenye bunduki ufunguo wa duka. Dhuluma waliyofanyiwa watu wa Bombo na West Nile, kwao Amin, baada ya vita ya 1979 ni mlango wa nyuma uleule ninaousema: aliyebebwa kwenye kiti alifika Libya, kisha Saudi Arabia, akafia Jeddah tarehe 16 Agosti 2003 kitandani. Waliobaki ndio waliokatwa mapanga kwa ajili ya jina lake.

Naomba pia tusimsahau mtu mmoja. Septemba 1972 Jaji Mkuu wetu, Benedicto Kiwanuka, aliamuru Mwingereza mmoja aliyekuwa ameshikiliwa na jeshi bila mashtaka aachiwe. Tarehe 21 ya mwezi huo watu wenye silaha wakamtoa Mahakama Kuu mchana kweupe, bila viatu, na hakurudi. Siwezi kuwaangalia wale waliobeba kiti bila kumfikiria yeye. Nchi ilikuwa na mtu wa kusema hapana, na kila mtu alishuhudia kilichompata. Baada ya hapo nani angemwambia mzee kwamba jambo hili halifai? Mwaka 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum alipeleka barua ya kulalamikia mauaji, na Februari hiyo tukatangaziwa kwamba amekufa kwa ajali ya gari.

Binti wa Kabale

Mama, umenigusa. Mimi natoka Kigezi. Kuna kituko kimoja cha Amin watu wanakitaja sana mtandaoni, ule mfuko wake wa kuiokoa Uingereza. Uingereza ilikuwa na shida ya uchumi mwishoni mwa 1973, yeye akaanzisha mchango. Watu wa kwetu Kigezi wakatoa lori zima la mboga na ngano, naye akaipelekea serikali ya Uingereza ujumbe ilete ndege haraka kabla mboga hazijaoza. Kila mtu anacheka. Babu yangu aliwahi kuniuliza: hivi unadhani gombolola, serikali ya kata, ikija na kusema toa kabichi kwa ajili ya rais, unakataa?

Miaka mingi baadaye mboga zetu zikaoza tena, safari hii Katuna. Mpaka na Rwanda ulifungwa mwishoni mwa Februari 2019, ukafunguliwa tarehe 31 Januari 2022. Karibu miaka mitatu. Wakubwa wawili waliopigana vita msituni pamoja, Museveni wetu na Kagame wa Rwanda, walikuwa wamekosana, huyu anasema unawahifadhi adui zangu, yule anasema unaniwekea majasusi. Sisi tulikuwa na soko Gatuna, upande wa Rwanda, umbali wa kutembea kwa miguu. Shangazi yangu alikuwa na nyumba ya kulala wageni, vyumba sita, madereva wa malori ndio wateja wake. Alilaza kuku humo ndani mwaka wa pili. Nyasi ziliota katikati ya lami, nimeziona kwa macho yangu.

Halafu Januari 2022 mtoto wa mkubwa mmoja akaenda kumtembelea mkubwa wa pili, wakapiga picha, akamwita mjomba, na baada ya siku chache tukaambiwa mpaka unafunguliwa. Kama ilikuwa rahisi hivyo, shangazi yangu alisubiri nini miaka yote ile?

MamaTrei, Busia

Binti, nyasi kwenye lami. Nimeisoma mara mbili.

Na ukumbuke majeshi ya nchi hizohizo mbili yalikwishapigana Juni 2000, siku sita, ndani ya mji wa Kisangani, ambao si wa Uganda wala wa Rwanda. Wakongo wakafa kwenye nyumba zao. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa yote ya vita ile ya miaka ya 1998 hadi 2003, milioni 65 kila mwaka kwa miaka mitano. Hela hiyo haitoki mfukoni mwa jenerali. Inatoka kwenye kodi ya mwenye kibanda cha chai.

Sasa nirudi kwetu mashariki, maana hapa ndipo ninapopajua. Kuna mstari mmoja kwenye ramani ambao nataka muufuate pamoja nami.

Zamani Uganda haikuishia Busia. Chini ya Waingereza, mkoa wake wa mashariki ulifika hadi karibu na Naivasha. Reli waliyoiita Reli ya Uganda ilipofika ziwani Kisumu, Desemba 1901, London waliona usumbufu reli moja kusimamiwa na serikali mbili. Tarehe 1 Aprili 1902 wakachukua mkoa mzima wakauhamishia upande ambao leo ni Kenya. Kwa hiyo Reli ya Uganda ikawa haigusi Uganda. Hakuna Mluo, Mnandi wala Mluhya aliyeulizwa. Babu za watu wa ng'ambo yetu walilala Uganda, wakaamka nchi nyingine na shamba lipo palepale.

Mwaka uliofuata, 1903, waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, ambaye alikuwa amepita na treni akaona nyanda za juu zinapendeza, akawapa viongozi wa Wayahudi wa Ulaya ahadi ya ardhi hiyo. Walikuwa wanauawa Urusi, walihitaji pa kukimbilia, na shida yao ilikuwa kweli. Mkutano wao wa Basel ukaujadili mpango huo kwa machozi na magomvi, ukiitwa Mpango wa Uganda. Ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, ambayo mwaka mmoja kabla ilikwishatolewa Uganda. Wakakataa 1905. Wanandi waliokuwa jirani na ardhi hiyo, waliokuwa wanapigana na reli ikiwapitia, kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliuawa Oktoba 1905 alipokwenda kwenye mazungumzo ya amani.

Sasa rukeni hadi Februari 1976. Amin anasoma historia hiyohiyo ya 1902, anatangaza kwamba magharibi mwa Kenya hadi karibu na Nairobi, na sehemu ya kusini mwa Sudan, zilikuwa za Uganda. Kenyatta akajibu kwamba hata inchi moja haitoki. Wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakakataa kugusa mizigo ya Uganda. Nchi haina bahari! Mafuta, chumvi, dawa, vyote vinapita pale. Baada ya wiki kadhaa Amin alirudi nyuma, akasema hakumaanisha vita. Lakini mama yangu anakumbuka: chumvi ya juu ya dari iliisha mwaka huo, wakachemsha majivu ya magugu ya mtoni kupata ladha.

Mluhya_Mwema

Mimi niko Busia ya pili, ng'ambo ya geti. Mama, hii ya majivu kwetu tunaiita *munyu musherekha*, bibi yangu alikuwa akiipika. Hatukujua kwamba ng'ambo ililiwa kwa shida, sisi tulikula kwa utamu wa mboga.

Sema na ya Chepkube.

MamaTrei, Busia

Asante jirani, nilikuwa naelekea huko huko.

Julai 1975, wiki zilezile za maandalizi ya kiti, baridi kali iliteketeza mibuni ya Brazil. Bei ya kahawa ikapanda dunia nzima. Mkulima wa Bugisu alikuwa na kahawa bora kabisa mlimani, ila serikali ilimlipa kwa shilingi ambazo hazinunui kitu, na wakati mwingine kwa karatasi ya ahadi. Ng'ambo ya mto Lwakhakha palikuwa na kijisoko kinaitwa Chepkube. Mwaka 1976 na 1977 kijisoko kile kiligeuka mji wa dhahabu. Kahawa ya Uganda ilivuka usiku kwa punda, kwa vichwa, kwa migongo ya watoto. Ndiyo magendo.

Baba yangu alibeba. Alikuwa na miaka 17. Alinionyesha kovu la kamba begani, mstari mwembamba unaong'aa kidogo, kwa sababu gunia lilifungwa kwa kamba ya katani na mvua ilikuwa inanyesha. Walitembea bila kuongea, wa mbele ameshika tawi jeupe lililomenywa gamba ili wa nyuma amwone gizani. Askari walikuwa na amri ya kupiga risasi. Usiku mmoja tawi la mbele lilianguka, na kila mtu akalala chini palepale alipokuwa, kwenye matope, mpaka jogoo. Aliyekuwa ameshika tawi alikuwa rafiki yake. Baba aliporudi na sukari kilo mbili, bibi hakuifungua siku tatu.

Hawa walioitwa wahujumu uchumi walikuwa watoto wanatafuta sukari. Uchumi ulihujumiwa mahali pengine, juu ya kiti.

Kyaka_Mjukuu

Naomba niongeze ya upande wetu, mimi niko Mutukula lakini asili yangu ni Kyaka, Kagera, upande wa Tanzania. Mwishoni mwa Oktoba 1978 jeshi la Amin liliingia, likatangaza kwamba mpaka sasa ni mto Kagera, likalipua daraja la Kyaka. Katikati ya hayo Amin akatangaza kwamba yeye na Nyerere wamalize ugomvi kwa ngumi ulingoni, Muhammad Ali awe mwamuzi. Hiyo nayo vijana wanaisambaza na kucheka. Nyerere alikuwa mtu mwembamba wa miaka 56, Amin alikuwa bingwa wa ngumi jeshini.

Bibi yangu siku hiyo ya tangazo la ngumi alikuwa porini na watoto wanne. Ng'ombe wao waliswagwa kuelekea Uganda, kiwanda cha sukari cha Kagera kikaporwa. Sukari tena, Mama. Nyerere alisema sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo, na uwezo tunao, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Lakini vita ile iliimaliza Tanzania kifedha. Tuliambiwa tufunge mikanda miezi 18, na miaka ya themanini mama zetu walipanga foleni ya unga usiku.

KijanaArua

Shikamoo Mama. Naomba kuuliza kwa heshima. Mbona wanaotajwa ni Waafrika tu? Wazungu wakisoma uzi huu watasema ndiyo, hivyo ndivyo walivyo. Vituko havipo kwao?

MamaTrei, Busia

Marahaba mwanangu. Umeuliza jambo zito. Tena naogopa sana uzi huu usomwe hivyo.

Unajua kwa nini Uganda haikuwa koloni la Mjerumani? Mwanzoni mwa 1890 Mjerumani mmoja, Carl Peters, alifika Buganda akapata saini ya Kabaka Mwanga. Tarehe 1 Julai mwaka huohuo, mbali kabisa na Mwanga, Uingereza na Ujerumani walitia saini mkataba wao. Ujerumani ilikuwa inatamani kijisiwa cha Heligoland, mwamba mdogo kwenye bahari ya Kaskazini ambao Uingereza iliushika. Waingereza wakatoa mwamba, Wajerumani wakaacha madai yao Zanzibar, Witu kwenye pwani ya Kenya ya leo, na Uganda. Nchi yetu yenye ziwa, mlima, falme na mamilioni ya watu ikatiwa kwenye kapu moja na kijisiwa cha wavuvi. Mwanga hakuulizwa, na wavuvi wa Heligoland wenyewe hawakuulizwa. Ukiniuliza kituko kikubwa kuliko vyote ninavyovijua, nitakutajia hicho, ingawa wote walikuwa wamevaa suti na hakuna aliyebebwa kwenye kiti.

Na cha juzi. Tarehe 2 Aprili 2025 Rais Trump alitangaza ushuru kwa karibu dunia nzima. Kwenye orodha vilikuwemo visiwa vya Heard na McDonald, mali ya Australia karibu na Antaktika, ambako hakai mtu hata mmoja, ni ndege wale wa pengwini, na wanyama wa baharini waitwao sili. Asilimia 10. Dunia ikacheka wiki nzima, picha za pengwini zilijaa kwenye simu zetu. Lakini kwenye orodha ileile ilikuwemo Lesotho, asilimia 50, nchi ambayo mwezi mmoja kabla alisema hakuna aliyewahi kuisikia. Lesotho wanawake wanashona suruali za jinzi zinazouzwa Marekani, ndiyo ajira yao kubwa ya viwandani. Ushuru ule baadaye ulipunguzwa hadi asilimia 15, ila oda zilikwishasimama na washonaji wakarudishwa nyumbani. Julai serikali yao ilitangaza hali ya janga kwa sababu ya ukosefu wa ajira. Nani kwenye kundi lako la simu alitumiwa picha ya mshonaji wa Maseru? Mimi nilitumiwa pengwini mara 11.

Mwalimu_Kasese

Naunga mkono. Turkmenistan kulikuwa na rais, Saparmurat Niyazov, aliyebadilisha majina ya miezi mwaka 2002: Januari jina lake, Aprili jina la mama yake. Akajenga sanamu yake ya dhahabu inayozunguka kulifuata jua. Alifariki Desemba 2006 na majina ya miezi yakarudishwa 2008. Na Bokassa wa Afrika ya Kati, aliyejitawaza kaizari tarehe 4 Desemba 1977, akatumia takriban dola milioni 20, farasi na magari ya kukokotwa kama Napoleon.

MamaTrei, Busia

Mwalimu, Bokassa nimemsoma, na hapo pia watu wanaishia kwenye taji. Baada ya taji kulikuja sare za shule. Januari 1979 wanafunzi wa Bangui waliandamana kwa sababu wamelazimishwa kununua sare za bei kubwa kutoka kiwanda cha familia ya kaizari, na wazazi wao walikuwa hawajalipwa mishahara. Aprili watoto walikamatwa nyumba kwa nyumba, wakajazwa gerezani Ngaragba, na karibu 100 wakafa humo. Tume ya wanasheria wa Kiafrika ilithibitisha. Wafaransa, waliokuwa wamelisaidia lile taji kulipiwa, ndipo wakamwondoa Septemba, akiwa safarini Libya.

Mtu akikuonyesha taji, muulize habari za sare.

Nirudi Busia. Mstari wetu wa 1902 haujalala. Oktoba 2022 Jenerali Muhoozi, mtoto wa Rais na wakati huo kamanda wa jeshi la nchi kavu, aliandika Twitter kwamba yeye na jeshi lake haitawachukua wiki mbili kuiteka Nairobi. Akaandika pia kwamba angetoa ng'ombe 100 wa Ankole kwa ajili ya Giorgia Meloni wa Italia. Watu walichekea ng'ombe. Baba yake akamwondoa kwenye ukamanda ule, papo hapo akampandisha cheo kuwa jenerali kamili, kisha akawaomba Wakenya radhi.

Mimi asubuhi ile nilikuwa getini na trei zangu. Sikusikia mtu akicheka. Wabadilishaji pesa walikuwa wamekaa juu ya viti vyao vya plastiki, mabunda mikononi, hawataji bei. Kila mmoja anamsubiri mwenzake aseme kwanza shilingi ya Kenya leo ni ngapi. Mwanamke ninayemuuzia siku zote upande wa pili alinipigia: "Dada, usivuke leo, tusubiri tuone." Ni Mkenya, mimi ni Mganda, watoto wetu wamesoma shule moja. Tulisubiri siku mbili. Mayai hayasubiri, ila mara ile yalipona.

Kuna mara nyingine hayakupona. Mwaka siutaji, wala ofisi siitaji. Lilitoka tangazo la ghafla usiku kwamba bidhaa za kuku hazivuki, sababu kila redio ilisema yake. Nilikuwa na trei 400 ndani ya lori, mkopo wa kikundi cha akina mama. Siku ya tatu unaanza kuyatingisha sikioni, moja moja. Zima halitoi sauti. Lililoharibika linatikisika kama maji ndani ya kibuyu. Tulikaa wanawake wanne chini ya turubai tukitingisha mayai mpaka mikono ikafa ganzi, mazima tukawauzia wakaanga chapati kwa bei ya kutupa. Mabovu tulichimba shimo. Yakipasuka shimoni yalitoa sauti ndogo ndogo, na mwenzangu mmoja akaanza kulia, si kwa fedha, alisema ni ile sauti. Siku ya tano tangazo likafutwa. Walikuwa wamepigiana simu.

Mvuvi_Namayingo

Mama pole sana. Sisi wa ziwani tuna Migingo. Mwamba mdogo, haufiki nusu ekari, umejaa mabati kama magamba ya samaki. 2009 Mzee wetu, Museveni, alisema kisiwa ni cha Kenya ila maji ni ya Uganda. Sasa samaki anakaa wapi? Mvuvi anayetoka kisiwani anavuka mpaka akishatia mguu kwenye mtumbwi. Sangara anavuliwa hapo, polisi wa huku wanadai, wa kule wanadai, na mvuvi analipa kote.

Nilisoma Kanada na Denmark nao waligombea kisiwa kisicho na mtu, Hans, mwamba mtupu. Kila jeshi likifika linashusha bendera ya mwenzake na kumwachia chupa ya pombe. Juni 2022 wakakigawa katikati, wakapeana mikono. Mimi nikawaza, kile hakina mtu wakakimaliza kwa upole. Hiki chenye watu mia kadhaa wanaobanana mpaka leo mnatutumia askari.

MamaTrei, Busia

Mvuvi, niliposoma hapo kwenye mtumbwi nilisimama kidogo. Ndivyo ilivyo.

Wakuu, nimerudi usiku huu kwa jambo moja. Leo nilikwenda kumwona yule mzee fundi baiskeli. Nilimpelekea mayai kumi na nikamwomba radhi kwa niaba ya vijana, ingawa hawakumkosea kwa kukusudia. Alikuwa anaziba tairi, ameizamisha mipira kwenye beseni anatafuta mapovu. Akaniomba nimfungulie ile picha tena. Akaitazama kwa muda mrefu, akaisogeza kwa kidole chenye grisi, akapita kiti, akapita mwavuli, akawa anatafuta pembeni kwenye picha kama kuna watu.

Akasema mwaka ule alikuwa kibarua Kampala, kijana wa miaka 20. Siku wakuu wa nchi walipokuwa wanaingia kwa mkutano, walipangwa kando ya barabara tangu alfajiri, kila kiwanda na watu wake, askari nyuma yao. Kaka yake alikuwa amechukuliwa miezi miwili kabla na hawakuwa wamepata habari yoyote. Msafara ulipopita, Amin mwenyewe akasimama kwenye gari wazi akapunga mkono.

"Nilipiga makofi," akaniambia. "Nilipiga mpaka nikamzidi wa jirani yangu."

Akarudisha mpira kwenye beseni. Ameniruhusu niandike hayo, bila jina.